Bafta ya Uweso

Wodi ya Wazazi, Tanga
6 Februari 1984

Mume wangu Hafidh,

Kalamu nimeazimwa na muuguzi na anaitaka kabla zamu yake haijaisha, kwa hiyo salamu zigawe wewe mwenyewe huko, ya mama mkwe iwe shikamoo. Mtoto tunaye, Hafidh. Wa kiume. Nakwambia hilo kwanza maana lori lilipokurudisha Moa ulikuwa umekwisha kata tamaa, nilikuona.

Amekuja kabla ya wakati wake. Wenyewe hapa wanamwita njiti. Anaenea kwenye viganja vyangu viwili na nafasi inabaki, ngozi nyepesi hata mishipa unaiona, na akilia utadhani kifaranga kimebanwa na kapu. Kunyonya hajui bado. Namkamulia maziwa kwenye kikombe, tunamdondoshea kwa kijiko, na akimeza wodi nzima tunamshangilia kama amefunga goli.

Sasa nisikilize. Sista Ritha, muuguzi wetu, anasema watoto hawa hawauawi na njaa, wanauawa na baridi. Ndiyo, baridi, katika joto hili la Tanga ambalo sisi wakubwa tunalala tukitokwa jasho. Kisanduku cha kuwatia joto kipo, umeme ndio wa kubahatisha. Dawa ni kumfunga vitambaa vikavu, tabaka juu ya tabaka, na akilowa umbadilishe papo hapo. Vitambaa vyenyewe viko wapi? Khanga zangu nimekwisha kuzichana. Jirani yangu wa kitanda, Lea, mke wa mkulima wa Maramba, Mlutheri, amenipa nusu ya kitenge chake na sufi aliyoichomoa kwenye mto wake mwenyewe. Watu hatujuani jana wala juzi. Mimi mke wa fundi cherehani, mwanangu anafunikwa kitenge cha kuombwa!

Najua madukani hakuna hata uzi. Najua cherehani yako imelala tangu Ramadhani ya mwaka jana. Lakini tafuta. Uza, azima, piga magoti, sijui. Usipoleta kitambaa tutamzika huyu, Hafidh.

Mkeo,
Tabia


Wodi ya Wazazi, Tanga
16 Februari 1984

Mume wangu,

Ulipoondoka nililala usingizi wa kwanza wa haki tangu nijifungue, mtoto kifuani. Bafta, pamba nyeupe mpya! Tena si kipande cha kudoea, ni bafta ya kumfunga, na kumbadilisha, na kufua, na kuanika. Wanawake wa wodini wamekuja mmoja mmoja kuishika. Lea akasema, mume wako anakupenda wewe, nikajifanya sikusikia ili alirudie.

Ila nina maswali, usinune. Fundi mzima, umeniletea kitambaa hakina pindo, nyuzi zinaning'inia? Nikakupa sindano uipinde, ukasema mikono inatetemeka kwa safari. Na nilipokwisha kumfunga mtoto nikamwinua ili wewe baba yake umtazame alivyopendeza, ukatoka nje. Lea anasema uliegemea ukuta ukilia. Nimemwambia hiyo ni furaha, wanaume wa kwetu hulia kwa kificho.

Tena siku ya saba imepita na mtoto hana jina. Mbuzi wa akika hapatikani, hilo naelewa, lakini jina haliuzwi dukani. Mimi namwita Uweso, kwa babu yako. Kama hulitaki sema.

Na mbona haji mtu? Moa mtu akiumwa jino nyumba inajaa. Hapa nimekaa kama niliyetupwa. Bibi yangu najua hawezi safari, mwambie tu kitukuu chake anapumua. Lakini Suhaila, mdogo wangu wa tumbo moja, amekosa hata siku moja ya kuja?

Mkeo,
Tabia


Moa
24 Februari 1984

Kwa mke wangu mpenzi Tabia,

Waraka wako umenifikia nikiwa mzima wa mwili, namshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo na kwa mengine yote aliyotupa. Jina la Uweso ni jina tukufu nami nimelipokea kwa mikono miwili.

Mke wangu, nakuomba jambo moja, nalo ulifuate hata kama hulielewi. Habari za mtoto tusizitangaze kwa sasa. Unalijua jicho la watu. Mtoto wa namna hii, aliyeletwa kabla ya siku zake, asitajwe wala kusifiwa mpaka atimize arobaini na apate nguvu. Mama naye kasema hivyo hivyo. Ukitaka kumwandikia mtu yeyote wa huku, barua nipitishie mimi, nitaisoma kwanza nione kama inafaa.

Suhaila nimemzuia mimi kwa ajili ya usafiri. Petroli hakuna, na lori lililopo linabeba chumvi, si mahali pa msichana. Bibi anakusalimia sana.

Kuhusu pindo la kile kitambaa, kitumie tu hivyo hivyo. Usikipinde.

Mumeo akupendaye,
Hafidh


Moa
10 Machi 1984

Dada Tabia, shikamoo,

Shemeji amesema nikikuandikia niandike mafupi na ya kuchangamsha kwa sababu daktari amekataza usihuzunishwe, basi hapa nilipo nimeuma ulimi usiniponyoke. Pole, dada. Pole sana. Sisemi zaidi ya hapo. Alichokipanga Mola hakina makosa na wewe bado ni kijana.

Ya kuchangamsha ni haya. Kuku wako mweupe ametaga chini ya kitanda cha Bibi na akitolewa anarudi, sasa Bibi anasema huyo ndiye mpangaji wake. Shuleni tumekwisha maliza daftari zote, tunaandikia karatasi za mifuko ya saruji. Bibi mwenyewe haendi tena uani, kutwa yuko kitandani, lakini ulimi wake haujalala, na kila akiamka anakutaja wewe.

Nilitaka sana kuja kukaa nawe. Shemeji akanieleza kwamba hutaki kuona mtu wa kwetu hata mmoja. Nililia, lakini nakuelewa. Siku ukiwa tayari niite, nitakuja hata kwa miguu.

Mdogo wako,
Suhaila


Wodi ya Wazazi, Tanga
2 Aprili 1984

Hafidh,

Leo sina salamu, ila ya Bibi tu.

Barua ya Suhaila ilinikera mpaka nikaificha chini ya godoro. Mdogo wangu ananiandikia habari za kuku, mwanangu hamtaji hata kwa herufi moja! Na nani kasema mimi sitaki kuona mtu? Nilikuwa bado nalitafuna hilo, jana akaingia wodini Bi Rahila, jirani yetu wa nyuma ya msikiti, amemleta binti yake kujifungua.

Nilikuwa namnyonyesha Uweso. Ameanza kunyonya mwenyewe, Hafidh, juzi tu, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa macho. Bi Rahila alikuja amenyoosha mikono tangu mlangoni. "Makiwa, mwanangu. Makiwa. Mola akupe subira. Hatukukuona tukakupa mkono."

Nikamuuliza, makiwa ya nani?

Akatazama kifuani kwangu. "Tabia, mwana huyo wa nani?"

"Wangu, Bi Rahila. Nani atanipa wake?"

"Wako si kazikwa? Si tumemsomea hitima? Chai yake si nimekunywa mie na kinywa changu hiki?" Akakaa sakafuni, akavuta ushungi mpaka machoni. Halafu akaona alichofungiwa mtoto. Akanyoosha kidole. "Na hiyo ndiyo sanda aliyopewa na Mwenyekiti wa kijiji."

Unajua nilifanya nini? Nilimvua. Niliichana ile bafta mwilini mwake kama imeshika moto, nikaitupa chini, nikabaki nimemshika mtoto mtupu. Hata sijamaliza kulia, midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Sista Ritha akanifokea, unataka kumuua? Kingine kikavu cha kumfunga hakikuwapo. Nikaiokota. Nikamfunga tena sanda mwanangu, kwa mikono yangu, safari hii nikijua.

Umeisomea hitima roho inayopumua. Uliniambia nifiche jina lake kwa ajili ya jicho la watu, kumbe jicho lilikuwa lako. Nieleze. Usinipambie maneno, usinitajie Mwenyezi Mungu kila mstari. Nieleze ulichofanya.

Tabia


Moa
9 Aprili 1984

Tabia,

Nitaeleza kama ulivyotaka.

Nilipoisoma barua yako ya kwanza nilitoka na viatu vya ndani. Nilikwenda duka la ushirika, hakuna. Nilikwenda Maramba, nikagonga hata kwa Wahindi waliofunga maduka yao, hakuna. Kijiji kizima kilikuwa na bafta moja tu, imefungiwa ofisini kwa Mwenyekiti Yakoub kwa ajili ya maiti, maana watu wameanza kuzikwa kwa vyandarua. Nikamwendea. Nikamweleza hali ya mtoto, nikamsihi. Akaniambia, hicho ni cha wafu, Hafidh, sisi tulio hai tutajistiri tunavyoweza.

Nikarudi kesho yake nikamwambia amekufa.

Mzee wa watu alilia, Tabia. Akatoa ile bafta, akaanza kupima ya mtoto mchanga, kisha akaacha mkasi akasema chukua yote, wewe umetushonea miaka yote hii, mtoto wako asiende na kipande. Nikamwambia nitamzika huko huko Tanga kwa kuwa hakuna gari la kumleta. Akaniongezea kibali cha sukari ya hitima. Ningeikataa ningesemaje? Watu walikuja. Nikakaa mkekani nikapokea mikono yao.

Kitambaa kile nisingeweza kukipiga pindo. Sanda haipindwi, nami mkono ulikataa kukishona kwa ajili ya mtoto.

Umeona mwaka jana walivyochukuliwa watu kwa mfuko wa sukari. Nikisema kweli leo nitaitwa mhujumu uchumi, na atakayefungwa ni mimi. Ndiyo maana nilimzuia mdogo wako. Lakini nikuulize nawe: mtoto yu hai au hayu hai? Ungependa niwe mkweli, naye awe udongoni?

Rudi nyumbani utakaporuhusiwa. Tutalipatia njia. Bibi anakusalimia.

Hafidh


Moa
15 Aprili 1984

Dada yangu Tabia,

Bi Rahila amerudi, amekuja moja kwa moja kwetu kabla hata ya kufika kwake, akatueleza, na mimi nikapiga kelele mpaka yeye mwenyewe akanifunga mdomo kwa khanga. Yu hai! Nimerukaruka, nimelia, nimerukaruka tena. Nisamehe ile barua ya kuku. Nilikuwa nakufariji kwa msiba ambao haupo.

Lakini kuna msiba uliopo, na sijui kama umeambiwa. Nimemuuliza Shemeji, akasema hajakuambia, maziwa yatakukauka. Mimi nimeshachoka kuuma ulimi. Bibi ametutoka, dada. Alifariki mwezi uliopita, siku chache baada ya barua yangu. Hakuumwa zaidi, aliamka tu akasema miguu imekuwa baridi.

Tulipotaka kumvika, Mwenyekiti akafungua kabati la ofisi mbele yetu. Tupu. Akasema ya mwisho alipewa mtoto wa Tabia, mngojee nitume mtu Pemba. Maiti haingoji. Tulichukua kanzu ya Babu aliyoiacha, na shuka za kuombwa kwa majirani, moja ina maua mekundu. Wanawake waliona haya kumtazama. Shuka zilikuwa fupi, ikabidi ziungwe. Aliyeziunga ni Shemeji. Alikaa kwenye cherehani yake uani, watu wamemzunguka wakimsifu, akashona mpaka akamaliza.

Bibi amekufa akimlilia kitukuu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maua.

Wako,
Suhaila


Chumbageni, Tanga
5 Mei 1984

Hafidh,

Tumeruhusiwa. Nipo kwa shangazi Chumbageni. Lea alitoka kabla yangu na binti yake, mumewe Timotheo alikuja kuwachukua, na ameniachia ile nusu ya kitenge iliyobaki.

Nimekuwa nikiandika barua hii na kuichana. Sikiliza. Kumwongopea Mwenyekiti ili mwanangu apate kitambaa, hilo nimekusamehe. Mimi mwenyewe ningeliiba. Uliniuliza kama ningependa ukweli wako na kaburi la mtoto. La, nisingependa. Siku ile ulikuwa baba.

Lakini siku Bibi alipolala mbele yenu hana cha kumsitiri, mdomo ulikuwa nao. Ungesema, bafta ipo, nusu yake inaanikwa kwenye kamba ya hospitali Tanga, nipeni nikaifuate. Usiku mmoja tu. Badala yake ulikaa ukaunga shuka ya maua, ukasifiwa. Yule ndiye aliyenilea, Hafidh. Ndiye aliyekupokea ulipokuja kuniposa na mkono mtupu, akasema huyu ana adabu. Na mimi nimekuwa nikimwandikia salamu mtu aliye kaburini, na wewe unanijibu kwamba naye ananisalimia!

Nataka jambo moja. Sitaki mbuzi wala zawadi. Ijumaa, kabla ya Ramadhani kuingia, watu wakitoa salamu ya sala, simama. Sema: mwanangu Uweso yu hai, niliongopa, na bafta aliyoikosa Bibi niliichukua mimi. Wakikufunga nitakuletea chakula mwenyewe, mtoto mgongoni. Wakikusamehe nitarudi siku hiyo hiyo. Nataka mtoto huyu akifika Moa aingie na jina la baba yake mbele ya watu, bila kunong'onezewa.

Tabia


Moa
8 Julai 1984

Kwa mke wangu mpenzi Tabia,

Idd njema kwako, kwa shangazi, na kwa mtoto. Usidhani nilikaa kimya kwa dharau. Kila Ijumaa ya Ramadhani nilivaa kanzu nikiwa nimenuia, na kila Ijumaa nilipotazama zile nyuso nilichukua viatu nikatoka. Mwenyekiti Yakoub husali ubavuni kwangu. Unajua ni vigumu kiasi gani?

Lakini Mwenyezi Mungu hamwachi mja wake. Nimepata njia ambayo hakuna atakayeaibika, wala wewe wala mimi. Nimewaambia watu kwamba Tabia, baada ya msiba ule, amepewa hospitalini mtoto wa mwanamke aliyefariki katika uzazi, hana kwao, naye amemhurumia amemnyonyesha, na sasa tutamlea. Tabia, laiti ungewaona! Watu wameguswa. Mwenyekiti amenikumbatia mbele ya msikiti akasema nyumba yetu ni nyumba ya thawabu. Mama amekwisha kutandika kitanda.

Bi Rahila nimezungumza naye kwa wema, amekubali kwamba siku ile alikuwa na hofu ya binti yake, hakuangalia sawasawa. Suhaila ni mtoto, maneno yake hayana uzito.

Kwa hiyo njoo tu. Nje ataitwa mwana wa watu. Ndani ya nyumba atakuwa wangu, nami nitampenda kuliko wanavyodhani. Jina libaki Uweso, hakuna ubaya, ila la kwangu tusilifuatishe kwa sasa.

Mumeo akupendaye,
Hafidh


Chumbageni, Tanga
11 Septemba 1984

Hafidh,

Barua yako nimekaa nayo. Si kwa kukosa jibu. Uweso alikuwa anaota meno, akasumbua, na siku zikaenda. Anakaa mwenyewe sasa akiegemezwa mto. Anapenda kuwachekea watu asiowajua.

Nilitaka kuja. Nakwambia ukweli, nilifunga mzigo, nije nisimame mimi pale uliposhindwa kusimama, nimwinue mtoto niwaambie watu mtazameni. Shangazi akaniuliza, na baba mtu akisema si wake? Atakua anasikia watu wakibishana kama yeye ni yeye. Nikaufungua mzigo.

Wewe umesoma Kurani chuoni kuliko mimi. Unajua mwana wa kulea haitwi kwa jina la mlezi wala hamrithi. Ulilijua hilo ulipokuwa ukikumbatiwa mbele ya msikiti. Mara ya kwanza ulimfisha mwanangu ili aishi, nikakusamehe. Mara ya pili ulimfisha ili wewe usitazamwe vibaya. Hiyo sina pa kuiweka. Na Suhaila si mtoto, ndiye mtu mzima pekee aliyebaki huko.

Vitambaa vimerudi madukani hapa mjini. Wenye fedha zao wameruhusiwa kuleta mali, khanga zinaning'inia milangoni mpaka mtu anainama kupita. Juzi nimeona bafta, jora zima, imeegemezwa ukutani na hakuna anayeitazama. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Majirani wa hapa wamekuwa wakiniuliza baba wa mtoto yuko wapi. Mwanzoni nilisema yuko Moa, ni fundi, ana kazi, atakuja. Wiki iliyopita wameuliza tena, nikasema nimefiwa. Walikuja na mikeka, wakakaa nami kutwa. Nilidhani nitaona haya. Nililia, Hafidh, nililia mpaka wakanishika, na machozi sikuyalazimisha. Mmoja akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema alikuwa na mkono mwepesi, na aliwahi kutuletea kitambaa siku ambayo hakuna mtu mwingine angeleta.

Usije, wala usiandike tena. Umewaambia watu mtoto huyu ni yatima, nami sitakufanya mwongo mara ya tatu. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, kama waombewavyo marehemu.

Tabia,
mama yake Uweso